Mbao nne nyuma ya kabati: moyo wa kuthubutu kuchora ukubwani hutoka wapi?

1. Mtunza Stoo (Temeke)

Ndugu wanajamvi, salaam. Nina umri wa miaka 43, na kwa miaka 17 nimekuwa mtunza stoo wa vipuri vya malori, kazi ambayo sina sababu ya kuilalamikia, kwa kuwa imenijengea nyumba ya vyumba vitatu na inawasomesha watoto wangu wawili. Miaka miwili iliyopita nilinunua mbao nne za hadibodi zilizokatwa mraba, sentimita 60 kwa 60, pamoja na makopo matano madogo ya rangi ya mafuta na brashi tatu, nikaviingiza nyumbani usiku kama mtu aliyebeba magendo. Mpaka leo mbao hizo ziko nyuma ya kabati. Mke wangu anazijua. Anapofagia huzisogeza, kisha huzirudisha palepale bila kusema neno, na ukimya wake unanitesa kuliko kama angenicheka.

Ninachotaka ni kuchora picha zitakazotundikwa kwenye kuta za watu nisiowajua. Sijawahi kufundishwa. Mara ya mwisho nilichora ramani ya Afrika nikiwa darasa la sita, na Madagaska niliiweka upande wa magharibi.

Anayenichanganya ni marehemu Edward Saidi Tingatinga. Alikuwa kijana wa Kimakonde kutoka Mtwara, akafanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Tanga, akaja Dar es Salaam akawa mtumishi wa nyumbani, na mwaka 1968, akiwa na miaka 36, akaanza kuchora kwa rangi ya baiskeli. Watu husema alikuwa jasiri. Dai langu ni kwamba hapakuwa na ujasiri wowote: mtu yule hakuwa na cha kupoteza, ilhali mimi ninacho, na ndiyo maana mbao zangu hazijatoka nyuma ya kabati. Nipingeni kwa hoja.

2. Karani Mstaafu (Morogoro)

Dai lako, ndugu yangu, ni la mtu anayetafuta ruhusa ya kuendelea kukaa. Masikini ndiye mwenye cha kupoteza zaidi, kwa sababu kopo la rangi linalomharibikia ni chakula cha siku kadhaa, wakati wewe makopo matano yamekaa miaka miwili na watoto wako wamekula kila siku. Tingatinga alikuwa na mke na watoto. Kila ubao alioupaka kabla ya kumpata mnunuzi ulikuwa fedha iliyotolewa mezani.

Nyongeza moja. Wengi hudhani kwamba kuthubutu ni kuacha kazi, na hapo ndipo hofu inapozaliwa. Shaaban Robert aliajiriwa ukarani wa forodha mwaka 1926, akiwa kijana wa miaka 17, na kwa sehemu kubwa ya maisha yake alikuwa karani wa serikali, akihamishwa kutoka idara moja hadi nyingine kama makarani wote. Vitabu vile tunavyovisoma shuleni viliandikwa na mtu aliyekuwa na mkubwa wa kazi, saa ya kuripoti na mshahara wa mwisho wa mwezi. Hakuna anayekutaka uache stoo.

3. Mtu wa Tunduru

Kabla hatujafika mbali, naomba nisahihishe. Tingatinga hakuwa Mmakonde na hakutoka Mtwara. Alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru, baba yake akiwa Mngindo na mama yake Mmakua. Kosa hili hutokea kwa sababu Wamakonde ndio wanaosifika kwa vinyago, basi kila msanii wa kusini hugeuzwa kuwa Mmakonde. Sisi wa Tunduru tuna korosho, tumbaku na Tingatinga. Tuachieni angalau mmoja.

4. Mtunza Stoo

Nimekubali kosa, mkuu. Nadhani ni ugonjwa uleule wa Madagaska.

5. Fundi Rangi (Mwanza)

Mimi ni mchora mabango, miaka 22 sasa, saluni, maduka ya dawa na viubao vya malori, kwa hiyo nitazungumzia makopo. Ndugu mleta uzi, umesema rangi imekaa miaka miwili. Je, makopo yaliwahi kufunguliwa? Rangi ya mafuta ikishaguswa na hewa hufanya utando juu, na utando ukiachwa hunenepa mpaka kopo zima linakuwa kama sabuni ya kipande. Nenda ukayafungue usiku wa leo. Ukikuta utando mwembamba, uukate pembeni kwa kisu, uuondoe mzima bila kuuvunjavunja, kisha ukoroge taratibu na tina kidogo. Ukikuta jiwe, basi umeshapoteza ulichokuwa unaogopa kupoteza, na dai lako la kwanza limekufa.

Kuhusu marehemu, rangi zile zilichaguliwa kwa sababu za fundi, wala si za kishairi. Zilipatikana dukani katika vikopo vidogo, hazikuhitaji kuchanganywa na mafuta ya kuagizwa Ulaya, zilikauka zikawa ngumu na kung'aa, na hadibodi haikuhitaji kuwambwa kama turubai. Unapaka usuli wa rangi moja, unaacha ukauke, unaweka mnyama, unaacha akauke, halafu madoa na mistari mwishoni. Anayeharakisha hupata uji. Mimi naamini kwamba ujasiri wake ulitokana na vifaa: alipata kitu ambacho mtu asiye na shule angeweza kukimudu, na kazi ikawa haitishi tena.

6. Mpinga Ndoto (Dodoma)

Mnamhesabu aliyeonekana na kuwasahau waliozama. Kwa kila Tingatinga mmoja wapo watu wengi ambao mbao zao zimetumika kuzibia madirisha. Na hata yeye alichuma kwa muda gani? Alianza mwaka 1968, na mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi waliokuwa wakifukuza wahalifu na kumdhania ni mmoja wao. Miaka minne tu. Jina limekuwa kubwa, chama cha ushirika cha wachoraji wanaolitumia kiliundwa mwaka 1990, picha zinauzwa kwa watalii kila mahali, lakini yeye mwenyewe alikula kidogo sana katika hayo.

Nina sababu ya uchungu wangu. Mjomba wangu alikuwa na kazi nzuri ya ufundi umeme na shamba la ekari sita alilorithi. Aliota bendi ya muziki wa dansi. Aliuza shamba, akanunua magitaa mawili na spika, akakusanya vijana, wakafanya mazoezi miezi minane kwenye ukumbi wa kukodi. Walipiga maonyesho matatu. La tatu lilihudhuriwa na watu 11, na wanne kati yao tulikuwa ndugu zake. Spika moja ipo kwa mama yangu mpaka leo, inawekewa televisheni juu yake. Mjomba hakuwahi kukosa ujasiri; alichokosa ni mtu wa kumshika mkono siku ya kuuza shamba.

7. Karani Mstaafu

Pole kwa mjomba, ndugu Mpinga. Ila tazama hesabu yenyewe: aliuza ekari sita kabla ya kujua kama kuna atakayelipa kiingilio. Mleta uzi amenunua mbao nne. Tusiyaweke mambo haya mawili kwenye kapu moja.

8. Mshoni wa Likoni (Mombasa)

Mie ni mshoni, na kwa miaka kumi nilikuwa naimba nyuma ya cherehani pasipo mtu kujua. Naona wote mnaongea kana kwamba ujasiri hutangulia, kisha kazi ikafuata. Kwangu ilikuwa kinyume. Kuna harusi moja ya jirani ambapo mwimbaji aliyetakiwa alichelewa, wanawake wameshakaa, vigelegele vimeanza kupungua, na aliyekuwa ameshika kipaza sauti akanitupia mapajani akaniambia, "Wewe huimba kila siku, wafikiri hatukusikii?" Kumbe mtaa mzima ulikuwa wanisikia miaka yote kumi. Niliimba nyimbo mbili huku magoti yakigongana. Sikupata ujasiri hata chembe. Nilipewa kipaza sauti, basi.

Ndiyo maana namfikiria Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarabu. Alizaliwa Fumba, kijiji cha Unguja, karibu mwaka 1880, na alikuwa akitembeza vyungu vilivyofinyangwa na mama yake, akiinadi biashara kwa sauti njiani. Sauti ilishafanya kazi miaka mingi kabla ya yeye kuhamia mjini mwaka 1911. Mtu akiwa anakifanya kile kitu kila siku kwa jina lingine, siku ya kuthubutu huwa ni siku ya kubadilisha jina tu. Sasa nakuuliza, ndugu wa Temeke: katika stoo yako hakuna mahali ambapo mkono wako unachora tayari?

9. Mtunza Stoo

Dada wa Likoni, umenigusa mahali. Vipuri vingi vinakuja bila lebo, na mafundi vijana hawajui majina ya vitabuni, kwa hiyo kwenye leja yangu huchora kila kipuri pembeni mwa namba yake: pampu ya maji, klachi, bereing'i za kila ukubwa. Nina leja sita. Sikuwahi kuziita michoro.

Kuhusu makopo: jana usiku niliyafungua. Mawili yamekuwa jiwe, nyekundu na nyeupe. Mawili yana utando. La bluu ni zima kabisa, sijui kwa nini.

10. Fundi Rangi

La bluu lilifungwa vizuri kiwandani, au hukuwahi kulifungua ukalinusa kama ulivyofanya kwa mengine. Kubali kwamba ulikuwa unayanusa.

11. Mtunza Stoo

Nakubali.

12. Bibi wa Pangani

Wanangu, nimefundisha Kiswahili miaka 31 na nimevutiwa na uzi huu kwa sababu mmewataja Shaaban Robert na Siti bila kuwaunganisha. Karani yule ndiye aliyeandika wasifu wa muuza vyungu yule. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini mtunga mashairi mwenye kazi ya ofisi aliona maisha ya mwanamke asiyejua kusoma yanastahili kitabu, na jibu langu ni kwamba alimwona mtu aliyevuka ukuta ambao yeye mwenyewe alikuwa anauvuka.

Lakini nakataa maelezo ya Mshoni kwamba ni mazoea tu. Siti alidharauliwa waziwazi. Waliimba ubeti wa kumuuliza alikuwa mtu lini, aliyetoka shamba na kaniki, na kwamba bila sauti angekula nini. Naye akajibu kwa ubeti kwamba hasara ya mtu si kukosa sura wala ukoo bali akili. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi sahani za santuri. Kwangu mimi, yapo mambo ambayo mtu huyathubutu kwa sababu ameudhiwa. Dharau ni kuni. Na wewe, mtunza stoo, hujapata wa kukudharau. Una mke mnyamavu tu, ambaye hujamuuliza chochote. Mtaka cha nyuma ya kabati sharti alisogeze.

13. Mpinga Ndoto

Mwalimu, shikamoo. Ila si kila mtu aliyethubutu alidharauliwa. Yule mwandishi wa hadithi za upelelezi wa Zanzibar, aliyemtunga Bwana Msa na kiko chake, alikuwa polisi, akaandika aliyoyaona kazini. Huo ni mwendelezo wa ajira, wala si ndoto.

14. Bibi wa Pangani

Marahaba. Muhammed Said Abdulla hakuwa polisi hata siku moja, mwanangu. Alizaliwa Makunduchi mwaka 1918, akawa bwana afya, yaani mkaguzi wa usafi, kisha mwaka 1948 akaingia uhariri wa gazeti. Hadithi yake ya kwanza ya Bwana Msa ilishinda mashindano ya uandishi ya Afrika Mashariki ya 1957 na 1958, akiwa amekaribia miaka 40. Kwa hiyo mfano ulioleta unakugeuka: mkaguzi wa vyoo na visima alimbuni mpelelezi bila kuwahi kumfunga mtu pingu.

15. Mpinga Ndoto

Nimeshindwa kwa hilo, mwalimu. Ila nasisitiza kwamba mashindano yalikuwepo. Kulikuwa na mlango, na mlango ulikuwa umetangazwa gazetini. Mjomba wangu alijaribu kutoboa ukuta.

16. Ndugu wa Lubumbashi

Salamu kutoka Kongo. Nimesoma yote, na nashangaa kwamba hakuna aliyetutaja. Pierre Romain-Desfossés, Mfaransa, alifungua karakana ya uchoraji mwaka 1946 huku Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Kutoka humo walitoka akina Pilipili Mulongoy, aliyechora ndege, samaki na majani yaliyojaza ubao mzima. Picha za Kongo zilifika Dar es Salaam na kuuzwa kwa wageni katika miaka ile ya 1960, na wako wanaosimulia kwamba Tingatinga aliziona, akaona bei, akasema na mimi naweza. Kama ni hivyo, basi ujasiri wake ulitokana na kuona: aliona mtu mweusi kama yeye, aliyechora ndege, na mzungu aliyelipa. Baada ya kuona hayo matatu, hofu inabaki na nini?

Tena tulikuwa na Tshibumba Kanda Matulu, aliyechora historia nzima ya nchi yetu kwa picha takriban 100 katika miaka ya 1973 na 1974, juu ya magunia ya unga, akizieleza moja moja kwa Kiswahili chetu. Magunia ya unga, ndugu. Wewe una hadibodi.

17. Mtu wa Tunduru

Ndugu wa Lubumbashi, karibu, lakini hapo sikubali kimyakimya. Yako maelezo mengine kwamba katika vijiji vya kusini watu walikuwa na desturi ya kuchora wanyama na watu kwenye kuta za nyumba za udongo, na kwamba Tingatinga alikuja na macho hayo kutoka kwao. Bibi yangu mzaa mama alipaka ukuta wa mbele kwa majivu na udongo mwekundu kila baada ya masika, na hakuwahi kuona picha ya Kongo. Kwa maelezo hayo hapakuwa na ujasiri wa kuanza jambo geni. Alihamisha ukuta wa nyumbani akauweka kwenye ubao unaobebeka.

18. Ndugu wa Lubumbashi

Yawezekana yote mawili ni kweli: ukuta ulimpa mkono, Kongo ikampa bei.

19. Mtu wa Tunduru

Bei sikatai. Mkono ni wetu.

20. Binti wa Mtoni (Maskati)

Nimekuwa Oman miaka tisa, natunza hesabu za duka la vitambaa. Naandika riwaya usiku, na nimefika sura ya kumi na nne. Unguja sikuwahi kuandika hata ukurasa mmoja, kwa sababu kila mtu ananijua mimi ni binti wa nani, na kila mhusika ambaye ningembuni angetafutiwa nyumba yake mtaani ndani ya siku mbili. Hapa hakuna anayenijua. Kwangu ujasiri ni umbali.

Namkumbuka Abdulrazak Gurnah, aliyeondoka Zanzibar akiwa na miaka 18, baada ya mapinduzi, akaenda Uingereza. Riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1987, akiwa na miaka 38, na Nobeli ilimfikia mwaka 2021. Mpinga Ndoto atasema ni mmoja kati ya maelfu, na ni kweli, lakini mimi simwangalii kwenye Nobeli. Namwangalia katika ile miaka yote kabla ya 1987, wakati hakuna aliyekuwa anamsubiri.

21. Mpinga Ndoto

Dada Binti, safari hii sikuwa nataka kusema hivyo. Nilitaka kuuliza riwaya inahusu nini.

22. Binti wa Mtoni

Inahusu mwanaume anayetafutiwa nyumba yake mtaani.

23. Karani Mstaafu

Narudi kwenye hoja ya bei iliyoletwa na ndugu wa Lubumbashi, kwa sababu inanipa wasiwasi. Kama kuona bei ndiko kunakoleta ujasiri, kwa nini watumishi wa nyumbani wengine wa Oysterbay hawakuanza kuchora, ilhali waliziona picha zilezile kwenye kuta za mabosi wao kila walipopangusa vumbi? Soko lilikuwa Morogoro Stores, duka la hukohuko Oysterbay, Dar es Salaam, mahali palepale walipopita wote wakienda kununua mahitaji. Kuna kitu kilichomfanya mmoja asimame na wengine wapite, na hakuna hata mmoja wetu aliyekieleza.

Mfano mwingine uko karibu nacho. George Lilanga, mzaliwa wa Masasi mwaka 1934, na huyu ni Mmakonde kweli, aliingia Nyumba ya Sanaa Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1970 kama mlinzi wa usiku. Alikuwa mchongaji tangu zamani, lakini pale alikwenda kulinda mlango. Mwaka 1978 kazi zake zilikuwa zimeshafika kwenye maonyesho Washington. Alikaa karibu na jambo mpaka likamzoea.

24. Mshoni wa Likoni

Bwana Karani, kitu hicho huitwa jirani mkorofi wa kukutupia kipaza sauti. Au mke. Marehemu Tingatinga mke wake alishiriki katika kuuza picha pale dukani, na sidhani kama mwanaume angekaa kibarazani akipaka madoa ya chui mchana kutwa kama mwenye nyumba hataki. Ndugu mleta uzi, umeshamuuliza shemeji yetu, au bado tunauliza Lubumbashi na Maskati mambo yaliyo chumbani kwako?

25. Mtunza Stoo

Ndugu zangu, nimekaa kimya siku tatu, na sababu yake ni hiyo aliyoitaja dada wa Likoni.

Jumamosi nilimuuliza. Tulikuwa tunakunywa chai, nikamwambia, "Mama Neema, zile mbao nyuma ya kabati, unazionaje?" Akaweka kikombe chini. Akasema alikuwa anasubiri niseme mwenyewe, maana hakutaka kunisukuma, akijua ada za shule zimetubana. Moyo ukanipanda. Nikamwambia kwa hiyo unajua ninachotaka kufanya? Akasema ndiyo, kuziba dari ya sebuleni, pale penye kona inayovuja, na kwamba amezitunza zisilowe kwa muda wote huo, na ameshazipima kwa utepe, zinatosha mbili.

Miaka miwili ukimya ule niliusoma kuwa ni dharau, huruma, au subira ya mtakatifu. Ulikuwa dari.

26. Bibi wa Pangani

Nimecheka mpaka mjukuu amekuja kuangalia kama ni pumu.

27. Fundi Rangi

Shemeji hana kosa, hadibodi ni mbao za dari kwa mtu yeyote mwenye akili timamu. Swali ni moja: mmegawana vipi?

28. Mtunza Stoo

Nilimweleza yote, mpaka leja sita. Hakucheka wala hakunipongeza; aliuliza picha moja inauzwa kiasi gani, nikasema sijui, akasema basi mbili ni za dari na mbili ni zangu, na za kwangu nichorie nje kwa sababu harufu ya tina inamuumiza kichwa. Mnaotaka kujua ujasiri ulitoka wapi, siku ile mimi sikuuona ukiingia. Ngazi nilishika mimi, misumari alipiga kaka yake.

Jumapili alasiri nimepaka usuli wa bluu ubao wa kwanza, kwa kuwa ndiyo rangi pekee niliyokuwa nayo ya kutosha. Jana nikaweka kanga, yule ndege, mwenye madoa meupe, kwa kopo jipya la rangi nyeupe. Kesho nawahi kazini, kuna kontena.

29. Mpinga Ndoto

Hongera, ndugu, nasema bila kejeli. Ila andika bei ya kopo hilo jipya kwenye daftari, uanze hesabu tangu sasa. Mjomba hakuwa na daftari.

30. Karani Mstaafu

Naunga mkono daftari. Lakini kwa faida ya uzi, dai lake la kwanza bado limesimama au limeanguka? Alisema anayethubutu ni asiye na cha kupoteza. Amepoteza mbao mbili na dari imeziba. Sijui hesabu hiyo iwekwe upande gani.

31. Binti wa Mtoni

Mimi bado nashikilia umbali. Amechorea nje.

32. Mshoni wa Likoni

Nje ya nyumba yake, mita tatu kutoka mlangoni, mbele ya majirani wote wa Temeke. Huo ni umbali gani, dada?

33. Fundi Rangi

Kabla hamjaendelea kugombana, nina swali la kitaalamu. Hadibodi ina upande laini na upande wenye alama za wavu. Kanga yuko upande gani?

34. Mtunza Stoo

Wenye wavu. Nilidhani ndio unaoshika rangi.

35. Fundi Rangi

Upande huo unanyonya rangi kama sifongo, ndiyo maana utaona bluu yako imefifia mahali mahali ifikapo kesho. Usiufute. Ubao wa pili geuza, upige msasa kidogo, upake mikono miwili ya usuli, na subiri siku nzima kati ya mkono na mkono, hasa mvua hizi zikiendelea. Weka picha tuone huyo kanga.

36. Mtunza Stoo

Nimeiweka. Msamehe mpiga picha, ni mwanangu wa darasa la nne.

37. Bibi wa Pangani

Madoa yamepangika vizuri, kama yaliyohesabiwa. Hiyo ni kazi ya mtu wa stoo. Ila miwani yangu inaniambia kwamba huyu ndege ana miguu mitatu.

38. Mtunza Stoo

Ni miwili, mwalimu. Wa tatu ni jani.